Mwinuko wa Barabara ya Kisima cha Kumi na Moja

Yarrabindi, New South Wales
Jumapili, 4 Agosti 2024

Dada Noelene,

Salamu zako zimefika pamoja na soksi, na soksi nilizivaa kabla sijamaliza kusoma salamu. Huku baridi imekaza. Asubuhi maji ya mbwa yanaganda, naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyagandisha. Mvua hakuna, kondoo wa jirani wamekonda, mgongo wangu ni ule ule. Kerryn wako akijifungua nijulishe kwa barua. Simu usipige, maana sikio la kushoto limeshaaga, kwenye simu nasikia mvumo tu kama bado nimo ndani ya greda.

Uliniuliza mbona nimekaa kimya tangu Juni. Niliitwa mahakamani, Dada, kukaa kwenye jopo la raia wa kuamua kesi. Sisi kumi na wawili tulikaa siku kumi na moja kwenye viti vigumu, tukila mkate wa yai kila mchana, tusiruhusiwe kumwambia mtu neno. Sasa imekwisha, na nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka barabarani.

Ilikuwa kesi ya yule binti Shona Petrak, aliyegongwa mwaka jana mwezi wa tatu kwenye barabara ya Kisima cha Kumi na Moja. Gari lake lilipasuka gurudumu, akawa amechutama anabadilisha, jua linazama. Akaja kijana Rhys Cattermole na pikapu yake, mbio, akampitia. Kijana alisema mwinuko ulimficha, hakumwona mpaka alipofika juu. Serikali ikasema hapana, pale mtu anaonekana kutoka mbali, kijana alikuwa anatazama simu. Wataalamu wawili walikuja na michoro. Mmoja anasema mita mia mbili, mwingine anasema sitini. Mama wa binti, Bi. Vera, alikaa mstari wa mbele siku zote, mkoba juu ya magoti, hakuufungua hata mara moja.

Basi mimi barabara ile nimeikwangua kwa greda miaka thelathini na moja, mpaka nilipostaafu mwaka juzi. Nitakaaje nisikilize watu wa mjini wakibishana juu ya karatasi? Jumamosi nilichukua tepu ya kupimia nikaenda mwenyewe. Nikakaa ndani ya gari, nikapima kutoka mahali alipogongwa mpaka pale jicho linapoanza kuona. Mita mia moja na themanini na tano. Jumatatu nikawaambia wenzangu. Mama mmoja wa duka la dawa akaniuliza, “Bev, jaji si alisema tusiende kule?” Nikamwambia, “Jaji hajawahi kuendesha greda.” Walicheka. Kabla ya chai ya saa kumi tulikuwa tumemtia hatiani.

Nilitoka nikiwa na amani. Nakuambia wewe tu.

Ndugu yako,
Bevan

*

Burnie, Tasmania
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Bevan,

Kerryn amejifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Wamempa jina la Mama. Magoti yangu yananipeleka mpaka posta na kurudi, zaidi ya hapo tunagombana. Nimekuwekea picha ndani ya bahasha hii. Itazame kwanza kabla hujaendelea, kwa sababu ukiendelea hutakuwa na hamu ya kutazama picha.

Barua yako nimeisoma mara nne. Miaka ishirini na sita nilikaa mbele ya meza ya jaji nikichapa kila neno lililosemwa, kwa hiyo najua jaji aliwaambia nini, hata kama sikuwepo. Aliwaambia: msiende mahali pa tukio, msichunguze chochote wenyewe, amueni kwa yale mliyoyasikia humu ndani. Aliyasema siku ya kwanza na akayarudia. Huwa wanayarudia mpaka mchapaji anaweza kuyachapa huku amelala. Na aliwaambia kuwa ni kosa la jinai.

Bev, si utaratibu tu huo. Yule kijana alikuwa na wakili wa kumhoji kila shahidi. Shahidi aliyemfunga ni wewe, na wewe hakuna aliyekuhoji. Hakujua hata kama umesema.

Nakutumia kipande cha gazeti. Kila mwezi kuna hukumu ya namna hii siku hizi: huyu alitafuta kwenye simu yake, yule alimuuliza shemeji yake daktari, na kesi nzima inaanza upya. Zamani nilikuwa nawacheka watu hao. Nilidhani ni wapumbavu wa mahali pengine.

Niambie mambo mawili. Umemwambia nani zaidi yangu? Na je, una hakika barabara uliyoipima ndiyo ile ile ya siku ya ajali?

Dada yako,
Noelene

*

Yarrabindi
Jumapili, 15 Septemba 2024

Dada,

Hongereni kwa mtoto. Ana pua ya Mama, maskini.

Wakata manyoya ya kondoo wamefika kwa jirani, nimekwenda kuwapikia siku tatu kwa sababu mpishi wao ameugua. Nyama ya kondoo na viazi, asubuhi, mchana, jioni, na hakuna aliyelalamika. Mbwa amenenepa.

Kijana amepewa miaka mitano. Nilisoma gazetini.

Juu ya hayo mengine, usiniletee sheria nyumbani kwangu. Barabara ni barabara. Haiondoki kwenda kutembea. Nimeijua kabla hao wenye michoro hawajazaliwa. Na aliyekufa alikuwa na miaka kumi na tisa, hilo gazeti lako halikulisema.

Bevan

*

Burnie
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Mtoto anakua, Kerryn halali, mimi nalala mchana ili nimsaidie. Bustani imejaa konokono. Sina habari nyingine njema.

Umenijibu kwa ukali, na mimi nakufahamu toka ulipokuwa unavunja vikombe na kusema ni paka. Ukiwa na haki huwa unaeleza mpaka watu wanasinzia. Ukiwa huna unakuwa mfupi. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi sana.

Wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ninachojiuliza ni hiki: wewe ulikuwa unaivutia wapi? Yule kijana humjui. Yule binti hukumjua. Watu kumi na mmoja walibaki nyumbani Jumamosi ile wakatazama mpira. Wewe ndiye uliyeamka, ukatafuta tepu, ukaendesha kilomita arobaini kwa baridi. Kwa nini ilikuwa lazima mwinuko ule usizuie macho? Mbona ilikuuma hivyo?

Na mimi nimo ndani yake sasa. Barua yako iko kwenye droo ya vijiko. Kila nikikoroga chai naiona. Nimemtafuta wakili wa yule kijana, anwani yake ninayo. Sitaki kukufanyia hivyo. Nenda mwenyewe kwa msajili wa mahakama ukaseme. Nakupa mpaka Krismasi, na naichukia kila herufi ya sentensi hii.

Noelene

*

Burnie
Jumapili, 1 Desemba 2024

Bevan,

Sijapata jibu. Nakutumia keki ya matunda, ile ya Mama, usimpe mbwa. Niandikie hata kunitukana.

N.

*

Yarrabindi
Jumapili, 12 Januari 2025

Dada Noelene,

Keki ilifika, nimeila yote peke yangu, nimesimama jikoni. Asante. Samahani kwa kimya. Joto limefika digrii arobaini na sita, ndege wanaanguka mitini. Mbwa amehamia bafuni na mimi nimemfuata.

Nisikilize sasa, maana nitaandika mara moja tu.

Wiki moja kabla ya Krismasi nilikuwa duka la vyakula vya mifugo. Akaingia Tahlia Brandt, binti anayeendesha greda yangu siku hizi. Ni mchapakazi, ila anapiga kona vibaya. Akaniamkia, akanunua maji, halafu akasema kwa utani, “Mzee Bev, ule mwinuko wako wa Kisima cha Kumi na Moja ulitutesa wiki nzima. Tulileta mpaka mashine ya kupasua mwamba.”

Nikamuuliza waliukata lini.

“Wiki ya tatu baada ya Shona kufa. Halmashauri iliogopa. Kwani hukuona? Tumeushusha zaidi ya mita.”

Dada, nilitoka nikaacha gunia la chakula cha mbwa kwenye kaunta. Nilikwenda moja kwa moja kule. Jiwe jipya liko wazi pembeni, jeupe, limechongwa. Changarawe ni nyingine kabisa. Mtoto angeona. Mwezi wa saba nilisimama palepale na tepu mkononi, mtu wa miaka thelathini na moja kazini, nikapima barabara ambayo siku ya ajali haikuwepo. Nadhani hata yule mtaalamu wa serikali alipima hiyo hiyo, na yule wa utetezi alihesabu kwa michoro ya zamani. Mahakamani hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyefikiria kuwauliza watu wa greda. Na kulikuwa na mtu mmoja wa greda ndani ya chumba kile, naye alikuwa na uhakika.

Tarehe 23 Desemba nilikwenda mahakamani. Msajili alikuwa anafunga ofisi, tayari amevaa kofia ya karatasi ya sherehe. Nilipoanza kusema akaivua. Aliniambia nina haki ya kutafuta wakili kabla sijaendelea. Nikamwambia naomba kalamu. Niliandika kurasa tatu nikatia sahihi. Sasa nasubiri. Wamesema wakili wa kijana ameshajulishwa.

Kijana amekaa ndani miezi mitano na nusu. Nahesabu kila asubuhi.

Bevan

*

Burnie
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mdogo wangu,

Mtoto ameota jino. Huku kuna ubaridi wa bahari na nakuonea huruma kwa joto lenu.

Nimelia, nikajisikia vizuri, halafu nikajisikia vibaya. Na mimi nikwambie langu. Ile bahasha ya wakili niliiandika anwani mwezi wa kumi, nikaibandika stempu. Nilikupa mpaka Krismasi kana kwamba siku zile zilikuwa zangu kuzigawa. Zilikuwa za yule kijana. Mimi niliyechapa sheria maisha yangu yote nilimwacha mtu ndani miezi mitatu kwa ajili ya kukulinda wewe, na nikajiita mwadilifu kwa sababu nilikutishia. Hayo nitakwenda nayo.

Umefanya vyema kwenda. Lakini kuna kitu bado unanificha, Bev. Umesema mtoto angeona lile jiwe jeupe. Basi wewe ulishindwaje? Wewe ulikuwa ukipita barabara ya watu unasimamisha gari kutazama mfereji wa maji. Val wako, Mungu amrehemu, alisema fungate yenu ilikuwa ya kukagua madaraja. Sitakulazimisha tena, nimechoka kulazimisha watu. Ila ukiwa tayari, niko hapa.

Dada yako,
Noelene

*

Yarrabindi
Jumapili, 17 Agosti 2025

Dada yangu,

Najua ni miezi saba. Barua zako zote nilizipata, na picha za mtoto ziko kwenye mlango wa friji, moja juu ya nyingine. Mvua ilinyesha Juni, ya kutosha kuoga na kujuta. Sikio la kulia nalo limenifia kabisa. Mbwa yuko mzima.

Mambo ya mahakama kwanza, maana utakuwa umeyasoma, lakini unataka uyasikie kwangu. Majaji watatu wa rufaa kule Sydney wamefuta hukumu. Wamesema jopo lilitumia ushahidi ambao mshtakiwa hakupewa nafasi ya kuupinga, na zaidi ya hapo ushahidi wenyewe ulikuwa wa barabara nyingine. Kesi itasikilizwa upya. Kijana ametoka kwa dhamana. Jina langu halikutajwa, niliitwa “mjumbe wa jopo”, lakini huku Yarrabindi hilo ni sawa na kunipigia kengele. Duka la mikate wananihudumia, hawanisemeshi. Mimi mwenyewe nilishtakiwa, nikakubali kosa, nikaachiwa bila kifungo kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema miaka miwili. Hakimu aliniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo, nikalimeza.

Nalisema kwako sasa. Umeliuliza mara mbili, na mara zote mbili nililiona kwenye karatasi kabla sijalisoma.

Mwaka 2009 mhandisi wa halmashauri aliniandikia niukate ule mwinuko. Alisema magari yanayokutana pale hayaonani. Nilianza Jumatatu. Baada ya inchi chache nikagonga mwamba. Kisu kipya cha greda kikapasuka, na bosi alikuwa ameshanionya juu ya visu. Nilijiambia mimi nikiwa juu ya kiti cha greda naona kila kitu pale, mwinuko wenyewe uko wapi? Nilisahau kwamba watu wengine wanakaa chini. Nikamwaga changarawe juu, nikalainisha, ikapendeza. Kwenye fomu nikaandika “imekamilika” na sahihi yangu. Hakuna aliyekuja kutazama. Miaka kumi na tatu nilipita pale, na kila mara nilipofika juu nilitazama pembeni.

Halafu nikaitwa kwenye jopo. Jaji aliposoma jina la barabara na kuuliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kutokaa, mkono wangu ulikuwa mzito kama nanga. Siku kumi na moja wakili wa utetezi alisema mwinuko ndio uliomficha yule binti. Wote walimsikia akimtetea kijana. Mimi nilimsikia akinishtaki mimi. Ndiyo maana niliamka Jumamosi. Sikwenda kutafuta ukweli, nilikwenda kutafuta mita mia mbili. Na nilipokaa ndani ya gari nikaona mbele hakuna kizuizi, nilifurahi. Mungu anisamehe, Dada, nilifurahi. Sikutazama jiwe wala changarawe kwa sababu sikutaka kutazama. Nilijiambia labda mwinuko umelika wenyewe kwa miaka. Mtu anayejua barabara hawezi kuamini hivyo. Mimi niliamini mpaka duka la vyakula vya mifugo.

Mwezi uliopita wakili wa kijana alikuja. Amezipata fomu za zamani za halmashauri, akaona sahihi yangu. Anataka niwe shahidi wake nieleze mwinuko ulikuwaje kabla haujakatwa. Nilimwambia nitafikiri. Nilijua nikisema, kijana huenda akaachiwa kabisa, na Bi. Vera atabaki bila mtu wa kumlaumu ila mzee kiziwi mwenye mbwa. Sikuweza kukubali kabla hajajua. Wala sikuweza kumwendea.

Akaja yeye. Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, akiwa bado na sare ya kuendeshea basi la shule. Alidhani ataniuliza kwa nini nimeiharibu kesi ya binti yake. Nilimkaribisha jikoni, nikaweka birika. Kwa sababu sisikii aliandika maswali yake nyuma ya bahasha, na mimi nikawa najibu kwa mdomo. Swali la kwanza lilikuwa: “Ulijua ulichokuwa unafanya ni kosa?” Nikasema ndiyo. Halafu sikungoja la pili. Nilimwambia yote, mhandisi, kisu, fomu, furaha ile ya ndani ya gari. Furaha nayo niliitaja, maana ningeiacha ningekuwa nimelainisha changarawe tena.

Aliisukuma chai kando. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikaona aibu, kwa sababu haikuwa zamu yangu. Nilimuuliza kama anataka nikatae kuwa shahidi. Nilimwambia nitakataa akisema hivyo, waje wanilazimishe kwa hati ya mahakama.

Akachukua kalamu. Bahasha ninayo hapa mbele yangu, nanakili kama ilivyo: “Miaka miwili nimemchukia yule kijana kila siku. Nimechoka, na sasa unaniambia nianze upya kwa mtu mwingine. Nenda ukaseme yote. Lakini ukisema usimtazame jaji wala wakili. Nitazame mimi.”

Nimemwambia nitamtazama.

Kesi imepangwa Jumatatu tarehe 9 Februari. Najua magoti yako, na najua hiyo ni safari ya ndege mbili na basi. Njoo, Dada. Bi. Vera hana ndugu huku, mara iliyopita alikaa mstari mzima peke yake. Ukifika usikae upande wangu. Kaa naye.

Mdogo wako,
Bevan